Mistari Sita

Fomu inakupa mistari sita.
Nimeihesabu kila Jumanne ninayojitolea hapa,
ghorofa ya pili ya mahakama ya Duluth,
meza iliyo kando ya kipasha joto kinachogugumia,
kalamu imefungwa mnyororo kama mbuzi wa sikukuu.

*Eleza tukio la karibuni zaidi.
Tarehe, saa, mahali, nani aliona.*

Jodelle Haugen, mpishi wa shule,
vidole vyanuka vitunguu, hakuvua koti.
Theluji iliyeyuka mabegani mwake
ikadondokea neno MWOMBAJI.
"Nianzie wapi? Ni miaka tisa."
Anzia Ijumaa, nikasema.
Sheria huisoma ndoa kinyumenyume,
ya mwisho ndiyo ya kwanza.

Akaandika: *Tulitofautiana.*
Nikamwambia, neno hilo halina mkono.
Akaandika: *Alikasirika.*
Hilo nalo halina hata kidole.
Tukakaa. Kipasha joto kikagugumia. Kisha:
*Alinikaba shingo kwa mkono wa kushoto
kwa sababu wa kulia ulikuwa na simu yangu.*

Nilidhani atalia.
Akauliza kama, kisheria, shingo na koo ni kitu kimoja.

Haturuhusiwi kutoa ushauri, sisi wa meza hii.
Tunaruhusiwa kuonyesha kisanduku.
Lakini zipo siku kidole changu
hukaa juu ya kisanduku
kuliko inavyopasa.

Anwani: inaweza kufanywa siri. Hakujua.
Watoto: Britta, saba. Anders, minne.
Silaha nyumbani: bunduki mbili za kuwindia paa,
moja chini ya kitanda.
Aliandika *chini ya kitanda* kwa mwandiko ule ule
ambao huenda huandikia *maziwa, mayai, siagi*.
Wanyama wa kufugwa: ipo nafasi yao pia.
Akaandika BISKUTI kwa herufi kubwa,
"Naye alipigwa teke," akasema,
na hapo, kwa ajili ya mbwa,
machozi.

Mficha uchi hazai.
Fomu hii nayo ni mkunga asiye na haya.

Basi alipotoa bahasha ya pili, ile ya talaka,
alikuwa ameshazoea kujivua;
akaomba karatasi za ziada.
Haihitaji, nikasema.
Talaka ya huku haiulizi nani alikosa.
Sentensi imeshachapwa: ndoa imevunjika,
haiwezi kutengenezeka.
Wewe ni kutia sahihi tu.

Baada ya hapo inataka kujua gari ni la mwaka gani,
friji ililipwa na nani,
pensheni, deni la meno ya Britta,
mashua ya alumini iliyolala nyuma ya gereji.

Akanitazama kama mtu aliyepanda ngazi ndefu
akakuta juu hakuna mlango.
"Kule wanataka kila kitu.
Huku hawataki hata kusikia?"

Nikajaribu. Ile ni ya kukulinda wiki hii,
hii ni ya kugawana kilichobaki...
Nilijisikia nanukia vijitabu vya bure.
Sikumwambia kwamba mwaka wa tisini na moja
nilitia sahihi sentensi ile ile,
kwenye jengo hili hili,
na mimi hakuna aliyenipa
hata mistari sita.

Bi Tuominen wa dirishani akapiga muhuri mara nne.
Karatasi zikapanda kwa jaji.
Ataisoma leo? Pengine.
Nani atampelekea yeye nakala? Askari wa kaunti.
Na mpaka hapo?
Mpaka hapo lipo lile benchi.

Akakaa pale, bahasha mapajani,
saa ya ukutani ikiwa nyuma kwa dakika kumi na moja
kama ilivyo tangu nimjue Tuominen,
akampigia dada yake huko Cloquet:
"Mtoe mbwa kwanza, mlango wa jikoni.
Koti la Anders limo kwenye kikaushio.
La bluu.
Hapana, usisubiri. Sasa hivi."